Bampa ya Nyuma Haichaguliwi kwa Unene wa Pleti

Kuna imani iliyoota mizizi kwa wenye magari ya porini, kuanzia gereji za Gerezani hadi za Kariobangi, kwamba ukishatoa bampa ya plastiki iliyokuja na gari kutoka kiwandani, ile utakayofunga nyuma lazima iwe nzito. Mteja akifika huigonga kwa kiganja, akasikiliza mlio, akauliza unene wa pleti. Akiambiwa milimita 4 anakunja uso. Akiambiwa 6 anatoa malipo ya awali. Kisha anaongezewa mkono wa kubebea tairi la akiba upande wa kulia, mkono wa madumu ya mafuta upande wa kushoto, mahali pa kufungia jeki ndefu, na ngazi ya kupandia juu ya paa. Gari linatoka likiwa na sura ya kazi, fundi amelipwa, mwenye gari ameridhika.

Mimi naipinga imani hiyo, na siipingi kwa sababu ya ladha. Naipinga kwa sababu inawamalizia watu springi na shokapu, inawapasulia chasisi, na katika jambo moja nitakalolieleza mbele, inaweza kuua.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayokwepwa. Watetezi wa bampa nzito husema gari lenyewe lina zaidi ya tani 2, sasa kilo 170 ni kitu gani? Ni abiria wawili tu. Hoja hiyo ingesimama kama kilo hizo zingekaa pale wanapokaa abiria, kati ya ekseli mbili. Hazikai hapo. Zinaning'inia nyuma ya ekseli ya nyuma, umbali unaozidi mita moja, na uzito uliowekwa huko hufanya kazi ya wenzo.

Chukua Prado ya toleo la 150, ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ina milimita 2,790. Bampa ya chuma, tuseme kilo 70. Mkono wa tairi pamoja na bawaba yake, kilo 25. Tairi kubwa la porini likiwa na rimu, karibu kilo 40. Madumu mawili ya chuma ya lita 20 yakijaa dizeli, kilo 42 hivi. Ondoa kilo chache za ile plastiki iliyovuliwa, unabaki na takriban 170. Mzigo huo ukiwa wastani wa mita 1.15 nyuma ya ekseli, ekseli ya nyuma haibebi 170; inabeba 240. Kilo 70 za ziada zimetoka wapi? Zimetoka mbele. Magurudumu ya mbele, yale yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari, yamepunguziwa uzito wa mtu mzima. Atakayesema tairi la akiba lilikuwapo nyuma tangu mwanzo, na alitoe kwenye hesabu: ekseli ya nyuma bado inapokea karibu kilo 184, na mbele bado panapungua zaidi ya kilo 50.

Nahodha wa jahazi hapakii magunia yote tezini akategemea chombo kishike njia. Sisi tunapakia hivyo hivyo kwenye gari, halafu tunashangaa usukani unakuwa mwepesi kwenye lami na sehemu ya nyuma inateleza kwenye kona ya changarawe. Dereva anayekuja mbele usiku naye anatuwakia taa kwa hasira, kwa sababu pua ya gari imeinuka na taa zetu zinampiga machoni. Nimewasikia watu wakilaumu balbu. Balbu haina kosa.

Hayo ni ya barabara nzuri. Nenda sasa kwenye kipande cha kutoka lango la Naabi hadi Seronera, kwenye yale mawimbi ya changarawe ambayo kila dereva wa Serengeti anayajua mgongoni mwake. Kila wimbi linalisukuma gurudumu juu, springi inalirudisha chini, na shokapu ndiyo inayomeza nguvu hiyo na kuigeuza joto. Ongeza kilo 240 juu ya ekseli ya nyuma na shokapu zile zile zilizopimwa kiwandani kwa mzigo wa kawaida zinafanya kazi kupita kiasi kwa saa kadhaa mfululizo. Mafuta yaliyomo yanachemka, sili zinalegea, yanaanza kuvuja. Baada ya hapo gurudumu halitulii chini tena, linarukaruka, na gari ambalo gurudumu lake halijagusa barabara halina breki wala usukani. Mwenye gari akifika mjini anaambiwa shokapu ni mbovu, anunue za bei kubwa zaidi. Anazinunua. Mzigo uliozichemsha za kwanza bado umefungwa pale pale.

Kuna wanaodhani wametibu tatizo kwa kuweka mifuko ya hewa ili kuinua nyuma iliyolala. Kwa pikapu zenye springi za majani hilo ni hatari ya pekee. Springi ya majani hupeleka mzigo kwenye chasisi kupitia ncha zake mbili, moja mbele na moja nyuma ya ekseli. Mfuko wa hewa uliobanwa katikati husukuma sehemu moja tu, juu ya ekseli. Sasa nyuma kuna uzito unaovuta chini, mbele kuna kabini inayovuta chini, na katikati kuna ngumi inayosukuma juu. Australia, ambako watu hufunga vyuma vingi kwenye pikapu zao kuliko mahali pengi duniani, pikapu za milango minne zilizokunjika chasisi nyuma ya kabini ni habari ya kawaida. Gari linainuliwa na mfuko wa hewa, linaonekana limenyooka, na chasisi ndiyo inayolipa.

"Mbona Landcruiser za watalii Arusha zinabeba matairi mawili nyuma na hazivunjiki?" Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, nami nalijibu kwa heshima kwa sababu aliyeuliza ameangalia gari la kweli linalofanya kazi ya kweli. Jibu ni kwamba lile ni gari jingine. Landcruiser ya 70, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1984, ina springi za majani nyuma hadi leo, na chasisi yake ilisanifiwa kwa ajili ya mizigo. Magari mengi ya safari pia yamerefushwa chasisi kwenye karakana za Arusha, kwa hiyo ekseli mbili ziko mbali zaidi, na mzigo ule ule wa nyuma unakuwa na nguvu ndogo ya kuinua pua. Zaidi ya yote, makampuni yanayoyaendesha huhesabu springi, bushi na shokapu kuwa matumizi ya kawaida ya msimu, na fundi hupita chini ya gari kila linaporudi kutoka mbugani. Ukichukua sura ya nyuma ya gari hilo ukaibandika kwenye Prado ya springi za koili, au kwenye Suzuki Jimny ambayo yote kwa yote ina kilo 1,100 na ushei, umechukua sura peke yake.

Nije kwenye unene, maana hapa ndipo upotofu ulipo mkubwa. Mteja anaamini kwamba pleti ya milimita 6 ina nguvu mara mbili ya bati la milimita 3. Lakini ugumu wa chuma kupinga kukunjika unatokana na umbo kabla haujatokana na unene. Chukua pleti bapa ya milimita 6 yenye upana wa sentimita 20. Kila mita yake ina kilo 9.4 hivi. Sasa chukua bati la milimita 3 ulikunje liwe sanduku la sentimita 10 kwa 10. Kila mita yake ina uzito karibu ule ule, pungufu kidogo. Ukizipima zote mbili kwa kupinga kukunjika, sanduku lina ugumu wa takriban mara 500 ya pleti iliyolala bapa. Mara mia tano, kwa chuma cha kilo zile zile. Basi fundi mwenye mashine nzuri ya kukunjia anaweza kukupa bampa ya milimita 3 yenye nguvu inayoiacha mbali ile ya 6 iliyokatwa kwa grinda na kuunganishwa vipande bapa, na akakupunguzia makumi ya kilo. Swali la kumuuliza ni amekunja vipi, na ndani ameweka mbavu wapi.

Tena hata hilo ni swali la pili. La kwanza liko chini ya gari, mahali ambapo mteja haangalii kwa sababu panamchafua shati: bampa imeshikwa na nini?

Bampa yoyote, iwe ya kilo 30 au ya kilo 100, ina nguvu ya yale mabano yanayoiunganisha na reli mbili za chasisi, na mabano yana nguvu ya bolti zake. Bolti ya milimita 12 yenye alama 8.8 kichwani huhimili mvuto wa karibu tani 5 kabla haijaanza kunyooka na kutorudi. Bolti ya unene ule ule ya alama 4.6, ile ya bei rahisi, haifiki hata tani 2. Kwa macho zinafanana. Nimeinama chini ya bampa zilizojengwa kwa pleti nzito kabisa nikakuta bolti zisizo na alama yoyote, mbili kila upande, zimepita kwenye matundu yaliyopanuliwa kwa moto. Mwenye gari amelipia kilo mia za chuma, na zote zinashikwa na bolti nne ambazo hakuna anayejua zilitoka wapi.

Afadhali hata hiyo kuliko kuchomelea bampa moja kwa moja kwenye chasisi. Moto wa kuchomelea hubadilisha tabia ya chuma kandokando ya mshono, na mshono unaokatiza reli ya chasisi huwa ndipo ufa unapoanzia, hasa mshono huo ukibeba mzigo unaotikiswa kutwa. Kiwanda kiliacha matundu kwenye reli kwa makusudi, na kwenye magari mengi kiliyatia bomba ndani ili bolti ikikazwa reli isibonyee. Bampa iliyosanifiwa kwa gari lako hutumia matundu hayo. Isiyoyatumia ilitengenezwa kwa gari lolote litakalokuja.

Sasa lile jambo la kuua.

Watetezi wa bampa nzito wana hoja moja yenye uzito wa kweli: gari likizama kwenye udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata baada ya mvua, unahitaji mahali imara pa kulivuta kutoka nyuma. Ni kweli, na plastiki ya kiwandani haina mahali hapo. Lakini angalia bampa nzito nyingi zimempa nini mwenye gari. Zimempa masikio mawili yaliyochomelewa juu ya uso wa pleti, yametazama nyuma, yamepakwa rangi nyekundu. Sikio lililokaa juu ya uso linashikwa na mshono peke yake, na mkanda wa kuvutia unaponyooka linavutwa kama mtu anavyobandua kitu ukutani. Sikio la kuaminika hupenya pleti, likaendelea ndani, likaungana na bano lililofungwa kwenye reli ya chasisi, ili nguvu ipite chuma kwa chuma hadi kwenye mwili wa gari bila kutegemea mshono wa juu. Hilo linawezekana kwenye bampa nyepesi. Linawezekana hata bila bampa: sehemu ya kuvutia inayofungwa kwenye reli kwa bolti za alama inayojulikana, ukaacha plastiki yako palepale.

Mahali pengine bampa nzito huja na kichwa cha mviringo cha kufungia trela, na watu hutupia mkanda hapo kwa kuwa pameinuka na pana shingo ya kuzuia. Naomba kila atakayesoma hapa amwambie na mwenzake: usivute gari lililozama kwa kichwa cha trela. Kimepimwa kwa mzigo unaokokotwa polepole barabarani. Mkanda unaonyooka na kurudi hukipiga kwa mshtuko, kwa pembe ambayo hakikutengenezewa. Kikikatika, kinaruka na nguvu yote iliyokuwa imehifadhiwa kwenye mkanda, kinapita kioo, kinapita kiti. Australia watu wamekufa hivyo, zaidi ya mmoja, wengine wakiwa wameketi ndani ya gari lililokuwa linasaidia. Unene wa bampa haukuwa na la kufanya. Kinachookoa ni sikio lililopimwa na pingu ya chuma yenye maandishi ya uwezo wake, ile ya pini ya milimita 22 inayoandikwa tani 4.75, na watu kusimama mbali.

Hoja nyingine ya wenzetu ni ajali ya kugongwa nyuma. Nairobi na Dar es Salaam foleni ni ndefu, daladala na matatu hazingoji, na mtu anataka chuma kati ya watoto wake na lori lililokosa breki. Naielewa hofu hiyo, lakini chuma kigumu hakitoi ulinzi huo. Kwenye mgongano, kitu kinachokubali kubonyea humeza nguvu na kurefusha muda wa pigo. Kisichobonyea huipitisha yote kwenda mbele: kwenye ncha za chasisi, kisha kwenye viti, kisha kwenye shingo za waliokaa. Katika pigo dogo la maegesho bampa ya chuma hushinda, na anayejali mikwaruzo ana haki ya kuipenda kwa hilo. Katika pigo kubwa, reli za chasisi zikikunjika, gari linaweza kuwa limekwisha kazi. Ama dumu la petroli lililofungwa nje kabisa nyuma, mahali pa kwanza kufikiwa na gari linalokugonga, sijapata kusikia utetezi wake hata mmoja unaoridhisha. Watu huyafunga madumu hapo kwa kuwa mkono wa kuyabeba upo. Mafuta ya ziada yanastahili tangi la pili kati ya reli za chasisi, na asiyemudu tangi hilo apange vituo vyake upya.

Je, nasema hakuna anayehitaji bampa ya chuma nyuma? Hapana. Wapo, na ninawajua kwa mahitaji yao. Yupo mwenye tairi la akiba mlangoni aliyehamia kwenye matairi makubwa: mlango na bawaba zake vilipimwa kwa tairi dogo, na kwenye changarawe bati la mlango litapasuka kuzunguka bolti. Huyo anahitaji mkono unaobebwa na bampa, wenye beringi halisi za kupakwa grisi kwenye egemeo, na kitasa kinachobana bila mchezo. Mkono mmoja. Wa pili hana haja nao.

Yupo pia anayepita makorongo, kama njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero, ambako gari hushuka kwenye mkondo mkavu na kupanda ukingo wa pili kwa kasi ndogo. Wakati wa kupanda, nyuma ndiyo inayokwama. Hapa bampa nzuri hulipa kila shilingi yake, kwa sababu imekatwa juu na pembe zake zimepandishwa ili zisichimbe ukingo. Ajabu ni kwamba bampa nzito za kienyeji mara nyingi hufanya kinyume: zinashuka chini kuliko plastiki iliyotolewa, na chini yake tena pananing'inia chuma cha trela. Gari limeinuliwa springi kwa gharama kubwa, kisha kimo hicho kimerudishwa chini na bampa. Kabla ya kulipa, chukua mti ulionyooka, uweke kutoka mahali tairi la nyuma linapogusa ardhi hadi ukingo wa chini wa bampa, ulinganishe na ilivyokuwa kabla. Mti ukilala chini zaidi ya ulivyolala mwanzo, umenunua hasara.

Na anayetaka pa kuegemeza jeki ndefu, naye ana haki, ingawa jeki ya kawaida chini ya ekseli hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa usalama zaidi.

Kwa wote hao ushauri wangu ni kuanzia kwenye chasisi na kuja nje, kuliko kuanzia kwenye pleti na kuingia ndani. Mtake fundi akuonyeshe mabano kabla ya kupaka rangi. Soma alama za bolti kwa macho yako. Uliza uzito wa kitu kizima kwa kilo, na fundi asiyeujua akipandishe kwenye mizani mbele yako. Karakana nyingi ziko karibu na muuza vyuma chakavu mwenye mizani. Kwa walio Mombasa, Tanga na Unguja, hakikisha kila sanduku lililofungwa lina tundu la kutoa maji chini, la sivyo chumvi italila kutoka ndani huku nje rangi inang'aa. Halafu, kabla ya kukubali springi ngumu zaidi ambazo bila shaka utashauriwa, lipeleke gari likiwa na mzigo wako wa safari upime ekseli ya mbele na ya nyuma kila moja peke yake, uzilinganishe na kikomo kilichoandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji. Ekseli ya nyuma ikizidi kikomo, springi mpya zitainua gari, lakini ekseli yenyewe, beringi zake na breki zake zitabaki zile zile. Cha kufanya hapo ni kushika spana na kuanza kupunguza, ukianzia na madumu.